Hati ya Asiyenacho

Kavimvira, mtaa wa mji wa Uvira mashariki mwa Kongo, umaskini haufichiki. Watu wa avenyu moja wanamjua mama anayeuza ndagala kwa mtaji wa kukopa. Wanaijua familia iliyohamia kwao baada ya mto Mulongwe kuzoa nyumba yake Aprili 2020, na ile ambayo Ziwa Tanganyika limeingia hadi chumbani mwake. Wanamjua pia kijana aliyepata diploma ya serikali kwa alama nzuri, na sasa anashinda mpakani akisukuma mizigo ya wengine kuelekea Gatumba, Burundi. Hakuna ofisi inayowauliza wanajua nini.

Katiba ya 2006, kifungu cha 43, iliahidi elimu ya msingi ya bure katika shule za serikali, na ahadi hiyo ilianza kutekelezwa Septemba 2019. Baada ya hapo mzazi hujitegemea. Chuo kiwe cha serikali, cha kanisa au cha mtu binafsi, ada hutoka mfukoni mwa ukoo: kiwanja kinauzwa, mjomba anapigiwa simu, dada anaambiwa asubiri zamu yake. Wazee wanakumbuka enzi nyingine. Mwaka 1971 serikali iliviunganisha vyuo vikuu vitatu vya nchi, vikiwemo Lovanium cha Wakatoliki na kile cha Waprotestanti cha Kisangani, kuwa chuo kikuu kimoja cha taifa. Wanafunzi walipata posho ya serikali, kisha posho hiyo ikafifia kadiri uchumi ulivyoporomoka.

Watoto wa mwambao huu waliovuka bahari wamekutana na utaratibu tofauti. Sandra Uwiringiyimana, aliyekulia Uvira, alikuwa na miaka 10 usiku wa tarehe 13 Agosti 2004, wakimbizi zaidi ya 150 walipouawa katika kambi ya Gatumba, ng'ambo tu ya mpaka wa Kavimvira. Mdogo wake Deborah alikuwa miongoni mwao. Mwaka 2007 familia ilipokewa Rochester, jimbo la New York, Marekani, na baadaye Sandra akasoma Mercy College, chuo cha binafsi.

Jimbo hilo lina mfuko uitwao TAP, ulioanzishwa mwaka 1974. Huwapa wanafunzi wa familia zenye kipato kidogo ruzuku isiyorudishwa, wawe chuo cha umma au cha binafsi. Mkimbizi aliyepokewa kisheria na kukaa jimboni miezi 12 anaweza kuomba kama mwenyeji. Kwa mwaka wa masomo 2024–25 kiwango cha juu kilikuwa dola 5,665, na ruzuku ya Pell ya serikali kuu ilifikia dola 7,395. Zote mbili kwa pamoja hazimalizi ada ya chuo cha binafsi, ambayo mara nyingi huzidi dola 20,000. Lakini humfikisha mtoto mahali ambapo kazi ya jioni na msaada wa chuo chenyewe vinaweza kuziba pengo.

Ugumu uko kwenye karatasi. Fomu ya maombi hutazama kodi ya mwaka juzi, kwa hiyo baba aliyepoteza kazi mwaka huu bado anaonekana ana mshahara. Wakimbizi wengi waliandikiwa kuwa wamezaliwa tarehe 1 Januari, na jina la ukoo likaandikwa hivi kambini, vile uwanja wa ndege. Herufi moja ikipishana, maombi yanakwama wiki kadhaa, na mzazi aliyezoea kuogopa ofisi huamua kuacha.

Kuna jambo zito kuliko hayo. Mzazi anayefanya kazi ya usiku huko Rochester hulisha nyumba mbili, moja ya huko na nyingine ya Kavimvira. Dola 150 anazotuma kila mwezi kwa mama yake hazipunguzwi popote katika hesabu ya fomu, na mama huyo hahesabiwi kuwa mtu wa kaya yake. Serikali humwona mtu mwenye uwezo, ilhali sehemu ya uwezo huo imeshaliwa na ugali na dawa za upande wa pili wa dunia. Hii ni dhuluma isiyokusudiwa na mtu yeyote, na ni dhuluma hata hivyo.

Karibu na nyumbani, Tanzania imejaribu njia inayosikiliza majirani. Bodi ya Mikopo, iliyoundwa kwa Sheria Namba 9 ya 2004, huwakopesha pia wanafunzi wa vyuo vya binafsi, na huwatazama kwa karibu yatima, wenye ulemavu na watoto wa kaya zinazosaidiwa na TASAF, mfuko wa serikali unaosaidia kaya maskini. Majina ya kaya hizo hupitishwa kwenye mkutano wa kijiji, mbele ya watu wanaojua nani analala na njaa. Ni mkopo, si ruzuku, na mwajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara mpaka amalize kulipa. Hata hivyo, maneno ya kijiji yanapata uzito wa hati.

Kongo nayo inaijua hati ya namna hiyo. Huduma ya mambo ya kijamii hutoa cheti cha umaskini, na mahakama hukikubali ili mtu asiye na kitu asamehewe gharama za kesi. Kinachothibitisha unyonge mbele ya hakimu kingeweza kuuthibitisha mbele ya kamati ya ruzuku ya masomo, kikitiwa sahihi na shefu wa avenyu. Wapo watakaosema mashefu hao watauza sahihi zao, na wasiwasi huo una msingi. Basi majina ya waombaji yasomwe hadharani, uwanjani, na anayekaa nyumba ya ghorofa apingwe na jirani yake papo hapo. Uvira inaweza kuanza na wachache, wauguzi na wanafunzi wa mambo ya maji na samaki, kwa kuwa mji huu una ziwa, una mito inayoua, na una kituo cha utafiti wa haidrobiolojia kinachohitaji vijana wa hapa hapa.