MCHUMBA WAKO AKIFUNGWA

Soma: Mathayo 1:18-25



Neno hili tunaliandika kwa ajili ya binti aliyechumbiwa, ambaye jioni moja anasikia kwamba mchumba wake amefungwa. Mtaa mzima umekwisha kumhukumu. Baba zake wadogo wanataka kurudisha mahari, na tribinali haijasema neno. Naye hajui: alifanya, ao hakufanya?

Yosefu aliupita usiku kama huo. Mariamu alikuwa mchumba wake, naye akaonekana ana mimba isiyo yake. Katika Torati kosa la namna hiyo lilikuwa la kuuawa kwa mawe (Kumbukumbu 22). Yosefu alikuwa na shaka, lakini hakumpeleka mbele ya watu. Alilala na shaka yake, na malaika akamkuta pale pale. Angalikwenda kwa wazee jioni ile ile, je, Mariamu angaliona asubuhi?

Tumkumbuke na Mama Marie Muilu. Mwezi wa 6 mwaka 1921 watawala Wabelgiji walikuja Nkamba kumkamata Papa Simon Kimbangu. Akawaponyoka, akawindwa kama mwizi, na mwezi wa 9 akarudi Nkamba akajitoa mwenyewe. Baraza la askari la Thysville (leo Mbanza-Ngungu) lilimhukumu kufa tarehe 3 Oktoba, pasipo avoka wa kumtetea. Mfalme Albert akaigeuza hukumu kuwa kifungo cha maisha. Ndiyo miaka 30 ya gereza, huko Elisabethville (leo Lubumbashi), mpaka kufa kwake tarehe 12 Oktoba 1951.

Mama alibaki na watoto watatu wa kiume, wote wadogo. Kwa serikali alikuwa mke wa muasi. Kwa siri aliwachunga waamini, wakati wengine walipopelekwa uhamishoni, hata Lowa, juu ya mto wetu huu. Alifariki tarehe 27 Aprili 1959. Serikali ililitambua Kanisa tarehe 24 Desemba mwaka ule ule. Miezi nane tu, wapenzi! Hakuiona siku ile, lakini hakuingojea ili ampende mume wake.

Lakini tusidanganyane. Mama Muilu aliijua kazi ya mume wake, aliiona kwa macho. Binti wetu hakuona kitu. Kwa hiyo hatumwambii, Olewa naye, wala hatumwambii, Mwache. Tunamwambia asiseme uongo. Watakuja jamaa za kijana kumwomba ashuhudie kwamba usiku ule alikuwa kwao. Kama hakuwa, aseme hakuwa, hata akilia. Upendo unaoapa kwa uongo utamfunga yeye pia, na kama kuna mtu aliyeibiwa ao kuumizwa, yeye naye ni mtoto wa Mungu.

Kumpelekea chakula ni neno lingine. Waebrania 13:3 haiulizi mfungwa alifanya nini.

Ninyi wazazi, acheni mahari ikae mpaka tribinali iseme. Ninyi mnaonong'ona kisimani, huyu binti anawasikia. Na wamama wa zamu, mnajua kwamba mfungwa asiye na jamaa wa kumletea chakula analala njaa. Mwende pamoja na binti, asiende peke yake. Pale mlangoni watu wanamtazama sana.