Ati Maji Yalijiendea Yenyewe

Maji hufuata mkondo, twasema, na msemaji huonekana mtu wa busara. Karibu na mgodi methali hiyo hunitia mashaka, maana kuna mahakama iliwahi kuifanya hukumu.

Kisa ni cha Scranton, Pennsylvania. Mwaka 1868 akina Sanderson walinunua ardhi kwenye kijito cha Meadow Brook, wakajenga nyumba hapo kwa ajili ya maji yake safi. Baadaye kampuni ya Pennsylvania Coal ikafungua mgodi wa makaa ya mawe huko juu, ikawa inayavuta maji ya mashimoni kwa pampu na kuyaachia yateremke. Samaki wakafa, mabomba yakaliwa na kutu. Wakashtaki. Mwaka 1886 mahakama kuu ya jimbo ikaupa mgodi ushindi: maji ni ya ardhini palepale, hakuna aliyeyaleta, yameshuka kwa uzito wake. Tena kero ya mtu mmoja isizuie riziki ya jamii nzima.

Hiyo riziki ya jamii tumeshaizoea, kila mkutano wa hadhara unayo. Linaloniumiza kichwa ni lile la kwanza. Je, nitawajibika kwa kitu ambacho sikukileta, nilichokiachia tu?

Majaji wale waliijua kesi ya Kiingereza ya Rylands dhidi ya Fletcher, ya 1868, ambamo maji ya bwawa la mwenye kiwanda yalizamisha mgodi wa jirani. Iliamuliwa kwamba ukikusanya kwenye ardhi yako kitu chenye kudhuru kikitoroka, gharama ni yako, hata kama hukuzembea. (Tanzania tuliirithi, pamoja na sheria nyingine za Kiingereza zilizokuwapo hadi tarehe 22 Julai 1920.) Wamarekani wakasema haiwahusu: Rylands alileta maji, mchimbaji hakuleta.

Hebu tuangalie vizuri. Mwamba wenye salfa ukiwa umelala chini haumsumbui mtu. Uvunje, uurundike juani, mvua iunyeshee: maji yanayotoka hapo yana asidi. Mvua ni ya Mungu, sawa. Lakini lundo je? Na mfereji ulioyaelekeza kijitoni, nao ulijichimba?

Mei 2009, Tarime, maji yenye asidi yalivuja kutoka mgodi wa North Mara yakaingia mto Tigithe, unaokwenda kumwaga maji yake mto Mara. Wenye mgodi walisema plastiki ya kuzuia mvujo ilikuwa imeibiwa. Basi yuko mwizi, iko mvua, uko mteremko. Kila mmoja ana sehemu yake ya lawama. Ila aliyechagua kuweka maji ya namna hiyo juu ya mto unaonywewa na watu na ng'ombe alijua kwamba plastiki hutoboka na watu huiba. Kwangu kujua huko kunatosha kumfunga.

Na leseni ina mwisho wake. Siku hiyo pampu huzimwa, shimo hujaa taratibu, na mwamba uliovunjwa huendelea kutoa asidi miaka na miaka, mwenye leseni akiwa ameshaondoka.