Uzi, Mkono na Udogo wa Zawadi

Katika Kiswahili cha pwani, kitu kidogo anachopewa mtoto au jamaa siku ya sikukuu huitwa mkono wa Idi. Ingawa mkono huo aghalabu ni noti iliyokunjwa na kutiwa kiganjani, jina lenyewe limehifadhi swali ambalo wanazuoni wa dini na wanafalsafa wamelizunguka kwa karne nyingi, nalo ni kama mtoa zawadi hutoa kitu peke yake au hutoa pamoja nacho sehemu ya nafsi yake, na kama ni hivyo, ni sehemu gani hiyo inayoweza kumtoka mtu mmoja ikaenda kukaa kwa mwingine. Swali hilo halisumbui sana zawadi inaponunuliwa dukani, kwa kuwa kilichotolewa kina bei, na bei huweza kurudishwa. Huwa zito pale mtoaji anapochukua sufu, yaani manyoya ya kondoo, akaiosha, akaichana, akaisokota kuwa uzi, kisha akaufuma uzi huo kwa sindano hadi ukawa soksi, kofia ya mtoto mchanga au glavu za baridi, vitu ambavyo dukani hupatikana kwa fedha kidogo na ambavyo pengine mpokeaji hakuwa na haja navyo.

Ili swali hilo lieleweke ni lazima kwanza itazamwe kazi yenyewe kwa karibu. Unyoya mmoja wa kondoo ni mfupi na dhaifu, na hakuna gundi wala fundo linaloushikamanisha na wenzake, bali kinachozaa uzi ni msokoto, yaani mzunguko unaoyabana manyoya hayo hadi yashikamane yasiachane. Msokotaji hutundika kijiti chenye kisahani kizito, hukizungusha kwa vidole, na kinaposhuka polepole huku kikizunguka, vidole vya mkono wa pili huyaachia manyoya kidogo kidogo, kwani yakiachiwa mengi uzi hunenepa, na yakiachiwa machache hukatika na kijiti huanguka sakafuni. Uzi uliosokotwa hivyo ukiachwa peke yake hujiviringa na kujikunja, kwa sababu bado una nguvu ya kutaka kurudi ulikotoka. Kwa hiyo huunganishwa na mwingine, na nyuzi zote mbili husokotwa pamoja kwa kuzungushwa kinyume, ili kila mmoja unapojaribu kufunguka uwe ndio unaoukaza mwenzake. (Wenye kutoa mawaidha ya ndoa wangeufurahia mfano huu, ila hapa haukuletwa kwa ajili yao.) Baada ya hapo huja kufuma, ambako ni kuvuta kitanzi kimoja cha uzi kupitia kitanzi kingine, kitanzi baada ya kitanzi. Soksi ya mtu mzima iliyofumwa kwa uzi mwembamba huwa na vitanzi 60 hivi kwa kila mzunguko na mizunguko inayozidi 150, na hivyo jozi moja hubeba vitanzi vipatavyo 18,000, na kila soksi ni ya uzi mmoja unaoendelea, bila fundo katikati, kiasi kwamba ncha yake ikivutwa kabla haijafungwa, kazi yote hurudi kuwa uzi mtupu.

Sifa hiyo ya kuweza kufumuka ndiyo iliyoupa uzi nafasi yake katika fikra za dini. Katika Qurani, aya ya 92 ya Surat An-Nahl inawaonya waumini wasiwe kama mwanamke aliyeufumua uzi wake baada ya kuusokota ukawa imara, na maneno hayo yanakuja katika muktadha wa viapo na ahadi. Wako wafasiri waliosema kwamba alikuwapo kweli mwanamke wa Makka mwenye desturi hiyo, na wako walioona kuwa ni mfano tu. Lililo muhimu kwa mjadala huu ni kwamba mwanamke huyo hakupoteza mali yoyote, kwa kuwa sufu yake ilibaki kama ilivyokuwa asubuhi, na hata unyoya mmoja haukupungua. Kilichopotea ni saa za maisha yake na ile nia iliyomfanya akae chini asokote. Aya, kwa maneno mengine, inachukulia kwamba ndani ya uzi kuna kitu kisichokuwamo ndani ya sufu, na kwamba kitu hicho ni cha jamii moja na ahadi.

Fiqhi, yaani elimu ya sheria za Kiislamu, inalitazama jambo hilo kutoka upande mwingine. Katika madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo inayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani ya Afrika Mashariki, hiba, yaani kitu kinachotolewa bila malipo mtoaji akiwa hai, haimfungi mtoaji hadi mpokeaji akabidhiwe. Kabla ya hapo mtoaji anaweza kubadili nia, na baada ya hapo hawezi kukidai tena kitu chake, isipokuwa mzazi kwa mwanawe. Kwa anayenunua, muda kati ya kunuia na kukabidhi huweza kuwa wa dakika chache, lakini kwa anayesokota na kufuma huwa wa wiki nyingi, na katika wiki zote hizo zawadi inakuwako bila kuwa zawadi, ikiwa mapajani mwa mtu aliye na haki ya kuifumua usiku wowote. Seneca, mwanafalsafa wa Roma, katika kitabu chake kirefu juu ya fadhila, alishikilia kwamba wema hauko katika kitu kinachotolewa bali katika moyo wa anayekitoa, na kwamba kitu ni alama tu. Hoja hiyo ina nguvu, lakini kazi ya mkono inaitia mashakani, kwa sababu hapa nia si jambo lililofichika moyoni ambalo kitu huliashiria kwa mbali, bali imerudiwa mara 18,000, na mwenye subira anaweza kuihesabu.

Kitabu cha Kutoka kinaongeza jambo ambalo kwa sikukuu lina uzito wa pekee. Katika sura ya 35 wanawake wenye ujuzi wanasokota kwa mikono yao na kuleta nyuzi za rangi, kitani na singa za mbuzi kwa ajili ya hema la ibada, na katika sura ya 36 sadaka zinazidi mahitaji hadi Musa anatangaza kambini watu waache kuleta. Hata hivyo sura hiyo ya 35 inaanza kwa amri ya kupumzika siku ya Sabato, na marabi wa Kiyahudi walipoorodhesha kazi 39 zisizoruhusiwa siku hiyo, walizitoa katika zile zilizofanywa kulijenga hema, na miongoni mwazo ni kukata sufu, kuiosha, kuichana, kuitia rangi na kuisokota. Ina maana kwamba kazi iliyokubaliwa kuwa sadaka kwa Mungu ndiyo hiyohiyo iliyozuiwa katika siku yake. Nchi nyingi za Ulaya zilikuwa na hisia ya namna hiyo, kwa kuwa desturi ziliwakataza wanawake kusokota katika siku 12 za Krismasi, na Uingereza tarehe 7 Januari, siku ya kurudi kazini, iliitwa kwa mzaha siku ya Mtakatifu Distaff, ingawa hapakuwa na mtakatifu wa jina hilo, maana distaff ni fimbo tu inayofungwa sufu au kitani kinachosubiri kusokotwa. Sikukuu, basi, huitoa kazi mkononi, na zawadi ya mkono inayokabidhiwa siku hiyo ni kazi iliyowahi kusimama kwa wakati.

Hapo ndipo pa kujihadhari na utamu wa maneno, kwani si kila soksi ya Krismasi ilifumwa kwa mapenzi. Nchini Iceland, ambako kondoo wana sufu ya tabaka mbili, ya nje ndefu na ngumu na ya ndani fupi na laini, kufuma kulikoingia katika karne ya 16 kuligeuka kuwa kazi ya kila mtu shambani, mume kwa mke, na jioni za majira ya baridi kaya nzima ilikaa chumba kimoja ikichana, ikisokota na kufuma huku mmoja akiwasomea wengine hadithi. Wiki ya mwisho kabla ya Krismasi ilikuwa ya mashaka, kwa kuwa sufu ilitakiwa imalizike, na masimulizi ya huko yanataja vijiti vidogo vilivyobanwa kwenye kope za watumishi ili macho yasifumbe. Mtumishi aliyemaliza alipewa na bwana wake vazi jipya, na asiyepata vazi aliambiwa ataliwa na Paka wa Krismasi, dubwana ambalo shairi la Jóhannes úr Kötlum lililochapishwa mwaka 1932 lililisambaza kwa vizazi vilivyofuata. Vazi hilo lina sura ya zawadi, lakini ukilitazama vizuri ni ujira uliovikwa nguo ya sikukuu, na paka ni msimamizi wa kazi mwenye manyoya. Ni baada ya mashine ya kufuma soksi ya William Lee ya mwaka 1589, na hasa baada ya mashine za kusokota za karne ya 18 kuufanya uzi kuwa rahisi, ndipo kusokota na kufuma kwa mkono kulipoanza kuwa jambo ambalo mtu angeweza kuliacha bila kupigwa na baridi, na uhuru huo wa kuliacha ndio unaolipa sura ya hiari, ambayo zawadi haiwezi kuikosa.

Hakuna aliyeusukuma uhuru huo mbali kuliko Mohandas Gandhi, ambaye alikuta India ikivaa nguo za viwanda vya Uingereza na akafanya kusokota pamba kuwa yajna, neno la Kisanskriti lenye maana ya dhabihu, yaani kazi inayotolewa bila kutazamia faida. Mwishoni mwa mwaka 1924 chama cha Congress kilikubali kwamba ada ya uanachama ilipwe kwa uzi, yadi 2,000 kwa mwezi. Lakini aliyekuwa mgonjwa, au hata asiyetaka tu, aliruhusiwa kuleta uzi uliosokotwa na mwingine. Ruhusa hiyo inaonekana ndogo, nayo ndiyo iliyotoboa jambo zima, kwa sababu mtu hawezi kutoa dhabihu ya saa za mwenziwe.

Novemba 20, 1947, miezi mitatu baada ya India kujitawala, Elizabeth, binti wa mfalme wa Uingereza, aliolewa. Inasimuliwa kwamba Gandhi, aliyekuwa amekwisha kuachana na mali, hakuwa na cha kutoa, ndipo Louis Mountbatten, Gavana Mkuu wa India, alipomkumbusha kwamba bado anacho chombo chake cha kusokotea. Akatoa uzi wa pamba aliousokota mwenyewe, ukafumwa kuwa kitambaa cha lesi chenye maneno Jai Hind katikati, yaani ushindi kwa India, kikapelekwa London kuwekwa pamoja na zawadi nyingine za harusi. Yasemwa kwamba Malkia Mary, bibi yake bi harusi, alikidhania kuwa kinguo cha kiunoni cha Gandhi na akaona ni utovu wa adabu. Mwaka 2022, Malkia Elizabeth alipofariki, Waziri Mkuu wa India Narendra Modi alieleza kwamba katika mkutano wao mmoja malkia huyo alimwonyesha leso aliyopewa na Gandhi siku ya harusi yake. Kitu kimoja kimekuwa lesi, kinguo na leso, kila jicho likikisoma kwa namna yake, na katika miaka yote hiyo saa zilizomo ndani yake hazikubadilika.

Kisa hicho kinafungua njia ya kulijibu tatizo ambalo Marcel Mauss, mwanaanthropolojia wa Ufaransa, aliliweka wazi mwaka 1925 katika insha yake juu ya zawadi, alipoonyesha kwamba katika jamii nyingi kutoa, kupokea na kurudisha ni wajibu tatu zinazofuatana, kwa hiyo zawadi humtia mpokeaji deni. Kama ndani ya soksi mna wiki tatu za maisha ya mtu, basi deni hilo halilipiki, kwa kuwa wiki hazirudi, na ingekuwa haki mpokeaji aiogope. Mbona haiogopi? Kwa sababu ni ndogo. Methali isemayo kutoa ni moyo, usambe ni utajiri, kwa kawaida hutumiwa kumtetea maskini, ili asidharauliwe kwa uchache wa alichonacho. Lakini inaweza kusomwa pia kuwa ni adabu ya mtoaji mwenye kingi. Anayefuma kitu kidogo huuficha ukubwa wa alichokitoa ndani ya kitu ambacho mtu anaweza kukipokea kwa mkono mmoja, akasema asante na kuendelea na pilau. Mwanamke wa Unguja anayeishona kofia ya mkono, kofia nyeupe yenye mamia ya vitobo vilivyozungushiwa uzi kimoja kimoja, hufanya vivyo hivyo, kwani mwenye kuivaa huenda nayo kuswali Idi bila kulazimika kukumbuka miezi iliyomo. Zulia au nyumba ingemkumbusha kila siku. Udogo humwachia mpokeaji nafasi ya kusahau, na huenda hakuna zawadi iliyo ya bure isipokuwa ile inayoweza kusahauliwa.

Na bado kusahau huko kuna mwisho wake. Matendo ya Mitume, sura ya 9, inamtaja Dorkasi wa Yafa, mwanamke aliyewatengenezea wajane nguo, na hakuna neno linaloandikwa kuhusu shukrani yao alipokuwa hai. Alipokufa, mtume Petro alipandishwa orofani, na wajane wakasimama karibu naye wakilia na kumwonyesha kanzu na mavazi aliyowafanyia. Baadhi ya wafasiri wanasema kwamba kitenzi cha Kigiriki kilichotumika hapo kina dokezo la mtu kuonyesha kilicho juu yake mwenyewe, yaani nguo hizo hawakuzibeba mikononi bali walikuwa wamezivaa.