Haki ya Mfanyakazi Haina Mpaka

Tarehe 24 Aprili, 2013, huko Savar karibu na mji wa Dhaka, nchini Bangladesh, jengo la Rana Plaza liliporomoka. Watu zaidi ya 1,100 walikufa, wengi wao wanawake washonaji wa nguo. Siku moja kabla, kuta zilikuwa zimepasuka. Benki iliyokuwamo ilifunga mlango wake. Washonaji wakaamriwa kurudi kazini. Hawakuwa na chama cha kuwasemea. Kidole kimoja hakivunji chawa. Mtu aliye peke yake atamwambiaje tajiri wake, “Siingii”?

Wiki moja baadaye, sikukuu ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, Baba Mtakatifu Fransisko aliuita utumwa ujira wa watu wale, uliokuwa kama euro 38 kwa mwezi.

Mwaka 1891 Baba Mtakatifu Leo XIII alifundisha katika barua yake Rerum Novarum kwamba wafanyakazi wana haki ya kuungana. Zamani mfanyakazi aliweza kumfuata tajiri wake mlangoni. Siku hizi nguo hushonwa Dhaka, naye mwenye kuiagiza yuko Ulaya au Marekani. Akiombwa nyongeza ya mshahara, aweza kuipeleka kazi nchi nyingine. Chama kinachoishia mpakani kitamfikiaje?

Basi vyama navyo vilivuka mpaka. Mwezi Mei mwaka ule ule, miungano miwili ya vyama vya dunia, IndustriALL na UNI, pamoja na vyama vya Bangladesh, ilifunga mkataba na makampuni yanunuayo nguo, ambayo baadaye yalizidi 200. Mkataba huo haukuwa ahadi tupu, bali ulikuwa na nguvu ya sheria. Viwanda vilikaguliwa, na mfanyakazi akapewa haki ya kukataa kuingia mahali pa hatari. Neno lile “Siingii” likapata watetezi.

Hata hivyo mkataba ule ulihusu usalama, si mshahara. Kazi ingali mbele, nayo yatuhusu sisi pia. Aliye mfanyakazi asione uchungu kutoa ada ya chama chake, wala viongozi wa chama wasiile. Nasi tulio na watumishi nyumbani tujiulize: je, twawalipa kwa haki, na kwa wakati? Mtume Yakobo atuonya kwamba ujira uliozuiliwa hulia mbele ya Mungu. Kilio hicho hakiulizi kama kimetoka Dhaka au jikoni mwetu.