Wingu Ling'aalo Juu ya Ziwa

Mwanzoni mwa Mei, masika yakiisha, mtu asimamaye ufukoni Ngumbo baada ya magharibi huliona kundi la nyota la Orioni likiteremka juu ya Ziwa Nyasa, upande zinakowaka taa za wavuvi wa usipa. Kando ya zile nyota tatu zilizojipanga mstari pana doa hafifu, kama moshi. Ni wingu la gesi, na nuru yake husafiri miaka ipatayo 1,300 kabla ya kutufikia.

Mtoto akiuliza ni kitu gani, wazazi wengine hujibu upesi: "Hiyo ni siri ya Mungu, usiichunguze." Hata sisi tulijibiwa hivyo utotoni, tukanyamaza. Twawasihi wasijibu hivyo.

Maji ya chumvi yakifurika chunguni yakaangukia makaa, mwali huruka wa manjano. Rangi ile ni ya sodiamu iliyomo chumvini. Kadhalika kila gesi ing'aayo ina rangi zake yenyewe. Mwaka 1864 Mwingereza William Huggins alipitisha nuru ya wingu mojawapo la namna hii katika kioo cha pembetatu, akaona mistari michache tu ya rangi. Mmoja, wa kijani, haukulingana na kitu chochote cha duniani. Wataalamu wakadhani wamepata kitu cha mbinguni tu, ambacho baadaye kiliitwa nebuliamu. Mwaka 1927 Mmarekani Ira Bowen akaonyesha kuwa ni oksijeni, hii hii tuivutayo, iliyopungukiwa elektroni mbili katika gesi nyembamba mno.

Siku hizi hupimwa ung'avu wa mistari hiyo, hukadiriwa joto la wingu, lipatalo digrii 10,000, ndipo huhesabiwa vilivyomo: heliamu kama atomu moja kwa kila kumi za hidrojeni, oksijeni haifikii moja kwa kila elfu.

Mtoto aliyefundishwa kwamba Mungu yupo pale tu tusipopajua, atafanyaje siku mwalimu atakapompajulisha? Padre Angelo Secchi, Mjesuiti, alizipanga nyota zipatazo 4,000 kwa nuru zao, darubini yake ikiwa juu ya paa la kanisa la Mtakatifu Inyasi, Roma. Hakuona haja ya kuchagua kati ya darubini na altare.

Basi, mtoto akiuliza tena, mwambieni: ni hidrojeni nyingi, na heliamu, na oksijeni kidogo kama hii uliyoivuta sasa hivi, na Muumba wake ndiye aliyekupa pumzi. Kisha mwacheni aulize swali la pili.