Ukweli katika Nyumba ya Wagonjwa

Wahenga walinena kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Neno hilo lawahusu wagonjwa, lakini lawahusu zaidi wale wanaowatibu. Kosa likitendeka hospitalini, na watumishi wakalinyamazia kwa kumwogopa mkubwa wao, atakayelipa si mkubwa wala si mdogo, bali ni yule alalaye kitandani.

Bwana wetu Yesu Kristu alituwekea utaratibu katika Injili ya Mtakatifu Mateo, sura ya 18. Ndugu akikosa, aonywe kwanza faraghani. Asiposikia, waitwe mashahidi mmoja au wawili. Asipowasikia hao, ndipo Kanisa liambiwe. Lakini mara ngapi sisi huanzia mwisho! Muuguzi aliyekosea kipimo cha dawa hukaripiwa mbele ya wagonjwa na jamaa zao. Je, amefundishwa nini? Amefundishwa kuficha. Siku ya pili akiona hatari, atafumba mdomo.

Yatupasa basi kupambanua mambo mawili. Aibu ya mtu isitiriwe. Hatari ya mgonjwa isisitiriwe kamwe. Aonaye mwenzake akishika dawa isiyo yake na apaze sauti papo hapo, hata kama mwenzake ni Mganga Mkuu. Mgonjwa aambiwe ukweli, na chanzo cha kosa kichunguzwe na wote pamoja, pasipo kumdhalilisha mtu.

Tunao ushahidi wa karibu. Hospitali ya Mtakatifu Fransisko, Ifakara, ilikuwa moja ya hospitali nane duniani zilizojaribu, mwaka 2007 na 2008, orodha ya Shirika la Afya Duniani ya kulinda usalama katika upasuaji. Kabla ya kupasua, kila mmoja chumbani hutaja jina lake na kazi yake, na daktari, mtoa usingizi na wauguzi husema wanachokihofia. Matokeo yalitangazwa mwaka 2009: katika hospitali hizo nane kwa jumla, vifo vilishuka kutoka 1.5 hadi 0.8 kwa kila wagonjwa mia. Orodha hiyo ilikuwa na mambo mengine pia, kama kuhakikisha dawa na vifaa; walakini nani atauliza habari za dawa mahali ambapo mdogo haruhusiwi kusema?

Kwa hiyo mzigo wa kwanza ni wa mkubwa. Yeye aulize kabla ya kuhukumu, asikilize hadi mwisho, na amshukuru amwambiaye neno chungu. Mfalme Daudi alipoonywa na nabii Natani hakumfukuza, bali alikiri dhambi yake. Kiti cha enzi hakikumzuia. Je, meza ya ofisi itatuzuia sisi?

Enyi waganga, Masista, wauguzi na wakuu wa hospitali zetu, semezaneni kweli kwa mapendo. Kristu mgonjwa yumo mikononi mwenu, naye hana msemaji mwingine ila ninyi.