Kula Peke Yako

Je, mtu alaye peke yake ni mchoyo? Hapa Itumba, makao makuu ya Wilaya ya Ileje, hilo si swali la mzaha. Monica Wilson, aliyeandika mwaka 1951 juu ya Wanyakyusa, jirani za nchi hii, alilieleza neno lao ukwangala: raha ya kula, kunywa na kuzungumza na wenzi wa rika. Mwenye kujitenga aliweza kushukiwa uchawi. Wajapani nao, wanywapo sake, pombe yao ya mchele, huona si adabu mtu kujimiminia. Mwenziwe ndiye humjazia. Hata hivyo, siku hizi kwao mnywaji aketiye peke yake mbele ya mpishi hamshangazi mtu. Nami upweke wenyewe siuoni kuwa kosa, maana aliyechoka ana haki ya kimya. Kosa, nadhani, hukaa mahali pengine.

Jioni moja ya mvua nilikuwa nikila peke yangu katika mkahawa mmoja wa hapa. Mzee akaingia. Nikamwamkia, nikasema, "Karibu, baba," kama desturi itakavyo, huku nikiomba moyoni akatae. Alinitazama kitambo. "Ahsante, mwanangu, nimeshiba." Akaenda kuketi pembeni, akaagiza ugali.